Kati ya Tairi na Mlango

Asha na Neema, nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na saba. Chekeni, mkimaliza mnisikilize. Bosi Sefu atawaambia niliacha kazi kwa sababu ya mtoto, na atalisema hilo kwa sauti ya mtu mwenye huruma. Mtoto ninaye hapa mapajani, ana miezi minne, ananyonya, hana kosa lolote. Kwa kuwa ninyi ndio mmekalishwa kwenye meza yangu, nawaandikia ya kazi ile kama nilivyoyaona mimi. Mshahara siugusi. Cheo sikuwahi kupewa, kwa hiyo hapo tumeokoa karatasi.

Nilifika Guangzhou mwaka wa tisini na sita, nimemfuata mume wangu aliyepata nafasi ya kusoma huku. Elimu yangu ni kidato cha nne, Temeke, na daraja sitaliandika. Mwaka wa kwanza nilikaa chumbani nikiangalia televisheni na kugombana na mwenye nyumba kuhusu harufu ya vitunguu vyangu. Kichina changu kimetoka huko, ndiyo maana mpaka leo najua kugomba kuliko kusalimia. Siku moja Bosi Sefu alinisikia pale mtaa wa Xiaobei nikimkatalia muuza ndoo bei yake. Akasimama mpaka nikamaliza.

"Dada, unafanya kazi kwa nani?"

"Sifanyi kazi kwa mtu."

"Basi kesho unaanza kwangu."

Ofisi ilikuwa chumba cha hoteli kilichotolewa kitanda kimoja. Cha pili kilibaki, tukawa tunalaza radieta.

Kazi yenyewe mmeshaiona. Watu wa Dar na Unguja wanaleta picha ya gari na namba ya injini, sisi tunatafuta spea, tunafunga, tunapakia kwenye kontena. Namba ile fundi wa nyumbani haiandiki kwa kuitazama, maana akikosea tarakimu moja mmeumia wote. Analaza karatasi nyembamba juu ya chuma, anasugua kwa penseli mpaka namba ijitokeze yenyewe. Karatasi hiyo itunzeni kama cheti cha ndoa. Lakini msiiamini peke yake. Hilo nitalirudia, na nitalirudia kwa hasira.

Siku yangu ya kwanza nilitumwa yadi ya magari mabovu, ng'ambo ya mto, nikachukue pampu ya maji. Nilikwenda na viatu vyeupe. Nilirudi na viatu vyeusi na pampu ya usukani. Bosi aliigeuza mkononi, akaitazama kama samaki aliyekaa siku tatu.

"Hii nikiifunga kwenye injini, maji itatoa wapi?"

"Mimi nimeonyesha mkanda unapopita, wakanipa hii."

"Mkanda unapita kila mahali, dada. Hata wewe umevaa."

Kesho yake nikarudishwa kuibadilisha, na hapo ndipo nilipokutana na mwenye yadi, Dada Fang. Mfupi, miaka hamsini hivi, sigara imekaa sikioni na sikuwahi kuiona ikiwashwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na hakunifundisha kwa upole. Alinisimamisha mbele ya gari lisilo na boneti, akawa anagusa kitu kwa fimbo na mimi nakitaja jina. Nikikosea ananigonga kidole. Baada ya wiki tatu nilikuwa najua majina ya vitu mia moja kwa Kichina ambavyo kwa Kiswahili sikuwahi kuvisikia. Vingine mpaka leo sijui mafundi wa Gerezani kule Dar wanaviitaje, nikiandika barua nyumbani nachora.

Vifaa vyangu vilikuwa vinne. Sumaku ndogo ya kamba, ya kupitisha kwenye bodi ya gari. Isiponata, ujue hapo pamezibwa kwa poda na kupakwa rangi. Kioo cha mpini cha kuchungulia chini ya injini. Futi. Na kalamu ya nta ya njano ya kuandika jina la mteja juu ya chuma, kwa sababu wino unafutwa na mafuta na karatasi inabanduka baharini. Vitatu vimo droo ya pili. Sumaku nimeondoka nayo, nunueni yenu.

Sasa nije kwenye magari ya Kimarekani, maana hayo ndiyo yaliyonitoa.

Yadi za Guangzhou zilikuwa nayo mengi miaka ile. Matajiri na makampuni waliyaingiza zamani, yakachoka, yakaishia kukatwa. Gari likikatwa kuanzia kioo cha mbele, ukapata taa, injini na giaboksi vikiwa pamoja kama vilivyozaliwa, sisi tunaita nusu. Nyumbani sedani ya Kimarekani ni gari la arusi na la mtu aliyewahi kuwa dereva wa wakubwa. Walio nayo ni wachache, na kila mmoja ana maneno ya watu kumi.

Na wanaume wetu, Mungu awasaidie, hawakuwa na mchezo mwingine. Ijumaa baada ya swala walikutana kwenye mgahawa wa tambi wa Waislamu wa Kichina, karibu na hoteli yetu, na kabla bakuli halijafika gari la Kimarekani lilikuwa limeshawekwa mezani. Bosi Sefu alikuwa mtu wa sura. "Mjapani anakutengenezea gari," alikuwa anasema, "Mmarekani anakutengenezea sebule, halafu anaiwekea taa." Mbishi wake alikuwa Mushi, kijana wa Moshi aliyekuwa akisoma uhandisi chuo kimoja na mume wangu. Tulimwita Injinia na hakutukataza, ingawa alikuwa bado mwaka wa pili. Mushi alitembea na vijitabu vya matangazo ya magari kwenye mfuko wa plastiki, vya rangi, karatasi inang'aa.

"Sura haipandi mlima wa Kitonga, Bosi. Soma hapa. Silinda sita, lita tatu nukta nane."

"Imeandikwa na nani?"

"Na wenyewe."

"Mama muuza maandazi aliwahi kukwambia maandazi yake mabovu?"

Meza nzima inacheka, na mimi nacheka, kwa sababu nilizipenda Ijumaa zile. Niliruhusiwa kukaa kwa kuwa mimi ndiye niliyeagiza chakula. Nikisema jambo walinisikiliza kwa adabu, halafu wakaendelea kama vile mhudumu amepita.

Nilichokijua kuhusu magari hayo sikukitoa kwenye vijitabu vya Mushi. Dada Fang aliniambia mapema: usisome nyuma ya gari, kule kuna jina tu, na jina ni la kuuzia. Wamarekani hawa wanaweza kuchukua gari linalosukumwa na matairi ya nyuma, wakalibadilisha likawa linavutwa na ya mbele, na jina wakaliacha lilelile, na injini wakaitangaza kwa maneno yaleyale, silinda sita, lita zilezile. Kwenye la kusukumwa nyuma injini imelala kwa urefu, giaboksi iko nyuma yake kuelekea kwa dereva. Kwenye la kuvutwa mbele injini imegeuzwa ubavu, giaboksi pembeni. Mashimo ya boliti hayalingani, vikalio vya injini havilingani. Ukipeleka moja kwa mwenzake umepeleka jiwe.

"Utajuaje ni lipi, ikiwa injini imeshatolewa?" nikamuuliza.

Akanivuta mpaka ubavuni mwa gari. Akaweka kiganja kati ya tairi la mbele na mlango wa mbele. Kwenye lile la kusukumwa nyuma shibiri nzima iliingia. Akanipeleka kwenye jingine, jina lilelile nyuma, taa zinafanana; vikaingia vidole vinne tu. Basi. Tairi la mbele likikaa mbali na mlango, gari linasukumwa. Likiwa karibu, linavutwa. Hata kwenye picha utaona.

Haya. Mwaka jana, miezi ya mvua, alikuja Bi Mize kutoka Unguja. Mama wa makamo, mjane, anauza nguo za watoto Darajani, na alikuwa amekuja kununua mzigo wa nguo kule soko la Shisanhang. Lakini jambo lililomkosesha usingizi lilikuwa gari. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa kampuni fulani, alipostaafu wakamwachia sedani ya Kimarekani aliyoiendesha. Alikufa injini ikiwa imeshatolewa. Bi Mize alitaka liwe gari la arusi, apumzike kubeba mabunda. "Miguu hii imekwisha, mwanangu," aliniambia kwenye ngazi za hoteli. "Nikipata injini nitakaa kitako, watu wanijie wao." Alikuja na karatasi ya penseli ya injini ile ya zamani na picha moja: gari limepigwa picha kwa ubavu, mumewe amesimama upande wa buti, kanzu nyeupe, anacheka.

Wiki hiyohiyo Bosi Sefu alikuwa ameliona tumbo langu. Mimi sikuwa nimemwambia. Aliniita kando ya zile radieta.

"Mwisho wa mwezi upumzike, dada. Mwanamke mwenye tumbo haingii yadi, watu watasema nakutesa."

"Watu gani?"

"Watu."

"Dada Fang alizaa wawili na anaingia yadi."

"Dada Fang yadi ni yake."

Miaka mitatu ya kazi. Nikamwambia sawa. Nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yanavuma, na sikusema kitu kingine siku nzima, mimi ambaye mwenye nyumba alikuwa akinifungia mlango kwa maneno yangu.

Ijumaa ikafika. Kontena lilikuwa linafungwa Jumamosi. Bosi alijaribu kumpigia fundi wa Bi Mize Unguja asubuhi ile amwulize gari linavutwa au linasukumwa, simu haikushika. Akajaribu tena, haikushika. Mtu mwenye akili angesubiri kontena la mwezi unaofuata. Sisi tukaenda kula tambi, na Bi Mize tukamchukua, na picha ikawekwa mezani kati ya bakuli.

Bosi aliipenda papo hapo. "Tazama pua hiyo! Tazama kromu! Marehemu alikuwa mtu."

"Alikuwa mtu," Bi Mize akasema. "Sasa linavutwa mbele au linasukumwa nyuma? Fundi alin'ambia nisisahau hilo, na mie nimesahau. Mie nilikuwa nakaa nyuma."

Mushi akatoa kijitabu. Jina lilelile, akapiga kidole. Lita zilezile zinazosomeka kwenye namba ya karatasi ya penseli, akapiga kidole tena; ndiyo maana nimesema msiiamini peke yake. Akasoma kwa sauti, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili, kwamba gari hilo lina mvuto wa matairi ya mbele unaompa dereva utulivu barabarani. Bosi akamwuliza kijitabu ni cha mwaka gani. Mushi akasema mwaka haubadilishi fizikia. Bosi akasema gari la mkubwa haliwezi kuvutwa mbele kama punda, mkubwa anasukumwa. Mushi akasema huo ni ushamba. Wakapandisha sauti. Waliokaa meza ya pili wakageuza viti. Mmoja akasema shemeji yake alikuwa nalo na lilivuta mbele, mwingine akaapa la balozi fulani lilisukuma. Mwishowe Bosi, aliyekuwa amepatia bila kujua kwa nini amepatia, akachoka, akacheka, akamwambia Mushi, "Haya, wewe ndiye msomi. Tununue ya kuvuta."

Mimi picha ilikuwa mbele yangu muda wote huo. Nilikuwa nimeshaweka kucha yangu kwenye pengo. Tairi la mbele liko mbali na mlango, mbali kabisa, ungepita mkono mzima. Nilijua kabla Mushi hajafungua mfuko wake.

Nikawaza: Bosi akosee. Anunue jiwe alipeleke Unguja, lirudi na aibu, ndipo ajue aliyekuwa akimsomea picha alikuwa nani. Nawaandikia hivyohivyo nilivyowaza, sijapamba.

Bi Mize akanigeukia. Akaniuliza taratibu, wale wengine wakiwa bado wanacheka. "Na wewe, mwanangu, wasemaje?"

Nikamwambia, "Muulize bosi, mama. Mimi nakalimani tu."

Alasiri tukaenda yadi, Bosi na mimi. Nusu ya kuvuta mbele ilikuwepo, safi, haina kutu. Dada Fang akaitazama, akanitazama. Akaniuliza hilo gari la nyumbani nimelipima ubavuni. Nikamjibu kuwa laoban ameshaamua. Neno hilo kwao ni bosi, na kwao pia likitamkwa mtu ananyamaza. Akainua mabega. Nikachukua kalamu ya nta, nikaandika kwa mkono wangu juu ya kifuniko cha injini: BI MIZE, UNGUJA. Nikaandika vizuri, herufi kubwa.

Mwisho wa mwezi nikatoka kazini. Nilipewa kitenge.

Injini ilifika Unguja mimi niko wiki ya pili baada ya kujifungua. Habari niliipata kwa mume wangu, aliyeipata kwa Mushi. Fundi alikuwa ameitundika kwa mnyororo, akaishusha, ikakataa, akaipandisha, akaishusha kwa upande mwingine. Kisha akamwita mwenye gari. Nilimsubiri Bosi Sefu aaibike. Niliisubiri aibu hiyo kama mtu anavyosubiri mshahara. Alichosema, na nimekihakikisha kwa watu wawili, ni hiki: "Mteja alishirikishwa, alikuwepo mezani, akakubali." Halafu akaagiza chai. Mushi alihuzunika siku mbili, akawa na mtihani. Wote walitoka wazima kwenye jambo lile. Na mimi nilitoka mzima, nina mtoto na kitenge.

Nikambeba mtoto mgongoni, nikaenda kwa Dada Fang kutafuta nusu ya kusukuma. Nilimweleza yote, kwa Kichina changu cha ugomvi, nikilia. Hakunipa pole. Alisema, "Nilikuuliza." Kisha akaenda kutafuta, akazunguka yadi yake yote na ya jirani yake, nami nyuma yake. Mei you, akaniambia, hakuna. Iliyokuwepo ilikuwa imeuzwa wiki ile ya mvua. Siku tuliyochukua ile nyingine, ilikuwa imesimama hatua kumi kutoka pale nilipokuwa naandika jina.

Mwezi uliopita Bosi alinipigia. Anasema ninyi wawili mnajitahidi, lakini nirudi, mtoto nije naye, kitanda kile kitatolewa radieta. Nilikata simu. Sikumkatalia kwa kiburi, ingawa hivyo ndivyo atakavyowaambia. Kukaa tena mbele ya picha ya gari la mtu siwezi. Kazi yetu ni kuulizwa. Siku niliyoulizwa jambo ambalo meza nzima ni mimi tu niliyelijua, nilimjibu Bosi, ambaye hakuwa ameniuliza. Neema, najua wewe una hasira kama zangu, nimekusikia ukijibu. Mgombe Bosi ukiweza, mpige hata na radieta. Mwenye gari usimnyime jibu.

Wiki iliyopita nikaenda kwenye kibanda cha simu hapa Xiaobei nikampigia Bi Mize. Simu ikashika mara ya kwanza, kama kunikomoa.

"Mama, ni mie, mkalimani. Wa Guangzhou."

"Ee, mwanangu! Umejifungua?"

"Nimejifungua. Mama, nina neno. Siku ile mezani nilijua. Nilijua gari lako linasukumwa nyuma. Niliona kwenye picha."

Nilisikia kuku upande wa pili, na mtu anagonga chuma.

"Ulijua."

"Nilijua, mama."

"Basi hapo ndipo nilipopotea mie," akasema. "Wale wanaume sikuwasikiliza. Wanaume wanaobishana gari nimekaa nao miaka thelathini ndani ya nyumba. Nilikutazama wewe. Umeishika ile picha, huicheki, huiweki chini. Nikasema, huyu mtoto anaijua kazi yake, kukiwa na kosa atan'ambia. Ulipon'ambia muulize bosi, moyo wangu ukatua. Nikajua wamepatia."

Nilisema nisamehe. Nadhani nilisema mara nyingi, kwa sababu mwenye kibanda alinitazama.

"Nshakusikia," akasema. "Wacha nikate, mwanangu. Watu walionunua milango wamefika, na bawaba zimeshika kutu, wanamvunjia marehemu gari lake ovyo."